Chagulaga ya Mnarani

Siku tuliyomzika Holo sikutoa chozi, na nusu ya Bariadi iliniona. Nilikaa mkekani pamoja na wanawake wengine, kanga kichwani kama inavyotakiwa, nikaitikia nyimbo za kwaya, nikatupa udongo kaburini zamu yangu ilipofika, na muda wote huo macho yangu yalikuwa makavu. Nilipofika mbele ya mumewe kumpa pole, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Masalu sasa ni mzee mnene, anatembelea fimbo na anasumbuliwa na sukari. "Tumebaki wawili tu wa nyumba ile, shemeji," akaniambia, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu. Tukiwa njiani kurudi, binti yangu akaniuliza kwa sauti ya kunilaumu, "Mama, binamu yako wa damu, uliyelala naye chumba kimoja, hata chozi?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nimechoka. Nilimdanganya. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimekaa nayo miaka mingi kiasi kwamba nilidhani imeshaisha, kumbe ilikuwa imekaa tu pembeni ikinisubiri nimwone Holo akiwa hawezi tena kunijibu. Naandika haya ili binti yangu ajue. Ya wazazi wangu na ya utoto wangu kule Shishiyu hayana la ajabu, nitayaacha. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka soko huria lilipotufikia, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Kabla ya mwaka huo pamba yote ilipelekwa ushirika, na ushirika ulikuwa unajulikana: ghala moja, mizani moja, karani yuleyule mwenye kikohozi. Halafu ghafla ikatangazwa kwamba yeyote mwenye uwezo aje anunue. Wakaja. Walikuja vijana wa mjini wakiwa na malori, magunia mapya na mizani yao wenyewe, wamevaa viatu vya kamba katika vumbi la Bariadi, na hawakuwa na pa kulala. Shangazi yangu, ambaye sisi tulimwita Sengi, alikuwa mjane mwenye nyumba ya bati karibu na soko, na akili zake zilikuwa nyepesi kuliko za wanaume wengi. Ndani ya wiki moja alihama chumba chake cha kulala, akahamishia kitanda chake sebule ya nyuma, akapaka chokaa, akashona mapazia, na nyumba ikawa ya wageni. Vijana watatu wa kampuni moja wakaichukua kwa msimu mzima. Mimi nililetwa kutoka nyumbani kuja kupika. Holo, binti yake wa pekee, alikuwa amemaliza kidato cha nne na alisema waziwazi kwamba hawezi kunuka moshi. Tulilala naye kwenye stoo, kitanda kimoja, katikati ya magunia ya mchele, na kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo lililosemwa sebuleni tulilisikia stoo kana kwamba tumekaa na wasemaji.

Mpaka leo naweza kuitembea sebule ile nikiwa nimefumba macho. Makochi yenye vitambaa vya kufuma, redio ya kaseti juu ya stuli, friji ya mafuta ya taa ambayo ilitoa moshi zaidi kuliko ubaridi, na meza ndefu ambayo Sengi aliifunika plastiki yenye picha za zabibu, tunda ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulionja. Asubuhi walikunywa chai ya maziwa na mkate uliotoka Mwanza ukiwa umeshachakaa safarini. Mchana hawakurudi, walikuwa kwenye vituo vya kununulia. Jioni niliwapikia wali na sato, au ugali na nyama, na siku Sengi alipotaka kujivunia ukwetu niliwapa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Edgar, kijana wa Moshi, aliyatazama yale matobolwa akauliza kama ni gome la mti. Fadhili wa Dar es Salaam alicheka mpaka akakohoa. Masalu peke yake aliyala. Yeye alikuwa Msukuma wa Mwanza mjini, mtoto wa mwalimu, na wenzake wakiwa hawapo alikuwa anakuja jikoni uani, anafunua sufuria, anachomoa kipande cha nyama kwa vidole na kuuliza kwa Kisukuma nimewapikia nini. Aliniita "mayu", kama kwetu mwanamke anavyoitwa kwa heshima. Wenzake wakiwepo hakuniita hivyo. Wakiwepo alisema, "Dada, lete maji." Niliona tofauti hiyo nikaifurahia. Nilidhani Kisukuma chake ni siri yetu wawili.

Sikuwa huru, na hilo nilikuwa nalijua. Mwezi wa nne, kabla sijaletwa Bariadi, watu wa upande wa Mwanhuzi walikuja nyumbani kwetu kumposea kijana wao aitwaye Maduhu, mfugaji, na neno likakubaliwa. Harusi ingefanyika msimu wa pamba ukiisha. Alikuja kuniona Bariadi mara mbili, kila alipoleta ng'ombe mnadani. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakaa kwenye kigoda cha jikoni na magoti yake marefu yakiwa karibu na kidevu, akaninyamazia. Mara ya pili, baada ya kumaliza kikombe cha chai na kukitazama ndani kwa muda mrefu, alisema, "Ndama yule wa madoa nimempa jina lako. Minza." Basi. Akaaga. Sikumchukia, niseme ukweli. Nilimwona mtu wa maana na mtu wa kuchosha. Usiku ule nilimsimulia Holo habari za ndama, tukacheka mpaka Sengi akagonga ukuta.

Na kwa sababu tulikuwa tunacheka, nikamwambia na lingine. Nikamwambia kwamba nampenda Masalu. Nilimweleza hata hesabu niliyojipigia kichwani: kama Masalu atanitaka, nitamwomba baba alirudishe neno la watu wa Mwanhuzi kwa heshima mapema, kabla ya harusi, na kama hanitaki, nitafunga mdomo, nitaolewa na Maduhu na nitakuwa mke mwema, wala hakuna atakayejua. Nilichotaka ni kujua tu. Holo alikuwa ananisuka. Mikono yake ilisimama kidogo kichwani mwangu, kisha ikaendelea. "Anakupenda, mbona hata kipofu anaona," akasema. "Anaogopa tu kwa sababu umeposwa. Subiri, atakuonyesha." Nilikaa na maneno hayo kama mtu aliyepewa kitu cha kushika. Sikujua kwamba wakati huo Holo na Masalu walikuwa pamoja tangu mwezi wa sita, na kwamba Sengi mwenyewe alijua na alikuwa anangoja tu kijana atume wazee. Katika nyumba ile yenye kuta fupi, mtu pekee ambaye hakuwa amesikia alikuwa mimi, maana muda mwingi nilikuwa uani napuliza moto.

Msimu ulipofungwa, mwezi wa tisa, kampuni iliwapa vijana wale lori dogo na siku moja ya kupumzika, wakaamua kwenda ziwani. Kule Lamadi, mbele kidogo ya ufukwe, kuna kisiwa cha mawe chenye mnara wa taa uliojengwa zamani kwa ajili ya meli, na wavuvi walikiita Mnarani tu. Holo akasema na Minza aje. Sengi akasita, kwa sababu msichana aliyeposwa haendi matembezi na vijana. Holo akamwambia, "Dereva si Ngusa? Ngusa ni wa ukoo wa wakwe zake. Yeye ndiye atamlinda." Kweli Ngusa, dereva wa kampuni, alikuwa baba mdogo wa Maduhu kwa upande wa ukoo, mtu mzima mpole ambaye alikuwa anakunywa chai yake jikoni kwangu na kunisalimia kila siku kwa salamu ndefu. Sengi akaridhika. Nikachinja kuku, nikakaanga, nikapika pilau alfajiri, nikafunga masufuria kwa kanga. Nilivaa gauni la mtumba la rangi ya machungwa ambalo Holo aliniazima. Alinifunga mkanda yeye mwenyewe, akarudi nyuma, akanitazama, akasema nimependeza. Nilimwamini hata kwenye hilo.

Jua la siku ile lilikuwa la kiangazi cha mwisho, lile linalokausha mate mdomoni. Barabara ya Lamadi ilikuwa vumbi tupu, na tulipofika ufukweni nyusi zetu zote zilikuwa nyeupe. Tukakodi mtumbwi wa injini. Mimi sikuwahi kupanda chombo cha majini, nikashika masufuria yangu kama ndiyo yatakayoniokoa, na Fadhili akapiga kelele "Mamba!" kila wimbi lilipogonga. Masalu aliniambia kwa Kisukuma, mbele ya wote, "Usiogope, mayu." Mbele ya wote.  Holo alikuwa ameketi mbele, mkono wake ukikata maji, hakugeuka.

Kisiwa chenyewe kilikuwa mawe makubwa yaliyopakwa weupe na vinyesi vya ndege waitwao mnandi, vichaka vichache vya miiba, na kenge waliojianika ambao walituangalia wakaona hatuna maana. Mnara ulisimama katikati, wa mawe chini na chuma juu. Mlinzi wake alikuwa ameshaondoka, wavuvi walisema mshahara ulikatika akarudi kwao, na mlango wa chuma ulikuwa wazi ukining'inia kwenye bawaba moja. Tulikula kwanza, kwenye kivuli cha mnara kilichokuwa chembamba kama njia ya ng'ombe, tukisogea kila kivuli kiliposogea. Walisifu kuku. Edgar alisema kwa Kiingereza kitu ambacho kilimfanya Holo acheke na kunitazama, nikatabasamu, kwa sababu mtu akikutazama anacheka ni adabu kutabasamu. Kisha wakasema twende juu. Ngazi zilikuwa za chuma na zilizunguka ndani ya giza, joto lake kama la tanuri la mkate, na ukishika chuma kinakuunguza. Tulipotokea juu kulikuwa na varanda nyembamba ya mduara yenye vyuma vya kuzuia, taa katikati ndani ya kioo kilichopasuka, na ziwa pande zote mpaka macho yanapoishia. Nilikuwa sijawahi kuwa juu hivyo. Nilisahau kuogopa. Nilisema kwa sauti, "Jamani, dunia kubwa!" na wakacheka, na safari hii nilidhani wanacheka pamoja nami.

Hapo lazima nieleze kitu kwa wale wasiokijua, maana vijana wa siku hizi wanakisikia kwenye vichekesho tu. Kwetu, msichana akitoka mnadani au ngomani, vijana wanaweza kumfuata na kumzunguka wakisema, "Chagulaga, mayu!" Maana yake chagua mmoja wetu. Nimesikia watu wakieleza kwamba ni fujo, na pengine mahali pengine ilikuwa fujo. Kwetu ilikuwa na taratibu zake, na msichana alikuwa na njia za kupita. Aliweza kukimbia, na akifika kwenye mji wowote wa watu hawakumgusa. Aliweza kusema, "Nina mwenyewe," na duara lilifunguka papo hapo, wakamwomba radhi. Au alichagua. Na akichagua, wale wengine wanaondoka bila kinyongo, na yule aliyechaguliwa anamsindikiza mpaka kwao. Hata kama moyoni hamtaki, hamkatai mbele za watu. Atatuma dada yake baadaye aje aseme kwa staha. Mwanamume aliyemkataa msichana ndani ya duara, sijawahi kumsikia akitajwa. Hata matusi yake hatukuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyahitaji.

Holo alikaa kwenye mdomo wa ngazi, pale tulipotokea, miguu yake ikining'inia gizani. Alimwambia Edgar, "Si ulitaka kuona mila zetu? Ngoja uone." Kisha akamwita Masalu kwa jina. Masalu akacheka kidogo, akajifuta jasho, akaja mbele yangu. Edgar akaja kulia, Fadhili kushoto, nyuma yangu vyuma na hewa. Masalu akasema, kwa Kisukuma safi cha nyumbani, sauti yake ya jikoni, "Chagulaga, mayu." Wale wawili wakarudia kwa matamshi yao mabovu, "Chagulaga! Chagulaga!"  Nikatazama ngazi: Holo ameziba. Hapakuwa na pa kukimbilia, na nadhani ndiyo maana walipapenda pale. Lakini sitasema kwamba nililazimishwa. Njia ya pili ilikuwa wazi. Maneno mawili tu yalitosha, na yalikuwa ya kweli. Nilimtazama Holo, naye akanikonyeza kwa upendo, kama dada. Nikakumbuka alivyoniambia: subiri, atakuonyesha. Nikafikiri, basi ndiyo hivi, hii ndiyo namna yake ya kuniuliza, ameniuliza kwa lugha ya nyumbani ili nijue hatanii. Wakati huohuo nikasikia chupa zikigongana. Ngusa alikuwa ametumwa kuleta kreti la soda, amefika nyuma ya Holo, kichwa chake kimetokeza, anahema. Alisikia. Alisimama palepale na kreti begani akiningoja niseme nina mwenyewe. Nilimwona anangoja. Nikanyoosha mkono nikamgusa Masalu kifuani, nikasema, "Nakuchagua wewe."

 Masalu akageuka kwa Holo, akainua mikono kama mtu aliyeshikwa na polisi, na kusema kwa Kiswahili ili wote waelewe, "Nilikuambia! Nimeshinda! Soda yangu iko wapi?" Holo alicheka akashika ubavu. Walikuwa wamewekeana dau, yeye akisema sitathubutu kwa sababu nimeposwa, Masalu akisema nitathubutu. Fadhili alipiga makofi kwenye vyuma mpaka mnara ukatetemeka. Edgar, ambaye nadhani hakuelewa hata nusu, alinyanyua kamera yake akanipiga picha mkono wangu ukiwa bado kifuani kwa Masalu, maana sikuwa nimekumbuka kuutoa. Masalu ndiye aliyeutoa, kwa vidole viwili, taratibu, kama unavyoondoa mdudu kwenye nguo ya mtu. "Shemeji," akaniambia, "pilau yako naipenda. Lakini maisha yangu yote nile moshi?" Wakacheka upya. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba masikio yaliziba. Edgar nilimsamehe zamani, yeye alikuwa mgeni. Fadhili angecheka hata msibani. Lakini Masalu alikuwa Msukuma. Alijua neno lile lina uzito gani, alijua mwanamume anatakiwa kufanya nini akiguswa kifua, na Holo alijua zaidi yake. Wao ndio waliolifungua duara lile kwa lugha yetu, wakalifunga kwa lugha ya mjini. Ngusa alitua kreti chini polepole, akageuka, akashuka bila kunitazama. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi zote mpaka chini.

Safari ya kurudi waliimba. Ndani ya mtumbwi nilikaa na masufuria matupu, na Holo akaja akanikumbatia bega, akaninong'oneza, "Usinune bwana, sisi mabinamu, utani wetu. Nani atajua?" Alikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na soda ya chungwa. Nilitamani wimbi lije limchukue, na nikatamani hivyo kwa moyo wote, wala sijawahi kutubu.

Nani atajua! Wiki mbili baadaye, vijana wakiwa bado wanafunga hesabu za kampuni, picha zilisafishwa Mwanza, na ile yangu ikabandikwa sebuleni juu ya redio. Kila asubuhi niliipangusa vumbi, maana kupangusa vumbi ilikuwa kazi yangu. Wageni walioingia waliuliza, na kila aliyeuliza alisimuliwa, na kila aliyesimulia alitia chumvi. Jina la Minza likapotea katika nyumba ile, nikawa Shemeji. "Shemeji, chumvi." "Shemeji, maji ya kuoga." Nikiwa stoo nilisikia Masalu akiniigiza sauti, "Nakuchagua wewe," na Sengi, ambaye nilikuwa namheshimu kuliko mama yangu, akicheka kicheko chake kifupi kama kikohozi na kusema, "Mwacheni mtoto wa watu." Hakuiondoa picha. Nikamwuliza siku moja kwa nini haiondoi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Ulikuwa na mdomo," akasema. "Kwa nini hukusema una mwenyewe?" Ngusa hakuja tena kunywa chai jikoni. Nilipomwamkia barabarani, aliitikia salamu akaishia njiani, akawa kama anatafuta kitu mfukoni. Sikumlaumu. Alikuwa ametumwa awe jicho la wakwe, na jicho haliwezi kukataa lilichokiona. Nilijua ameshakwenda Mwanhuzi, au yuko njiani.

Maduhu alikuja Jumapili mchana. Walikuwa wote sebuleni, maana siku hiyo lilikuwa limefika neno la wazee wa Masalu kwamba siku chache zijazo watakuja kumposa Holo, na Sengi aliniagiza nipike chakula kama cha sikukuu. Nilikuwa uani. Alisimamisha baiskeli kwenye ukuta, amevaa shati jeupe la kanisani, kibuyu hakikuwepo. Nikapiga goti nikamwamkia, "Mwadila, baba." Akaitikia salamu yote mpaka mwisho, akaniuliza habari za nyumbani, nami nikamuuliza habari za ng'ombe. Akasema wanakunywa mbali siku hizi. Kisha akasema, "Baba mdogo amenieleza. Sijamwuliza mtu mwingine. Yule kijana yumo?" Nikasema yumo. Alivua kofia akaingia ndani, nikamfuata, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

 Aliisalimia nyumba nzima, kuanzia Sengi. Macho yake yakapita ukutani, yakaiona picha, yakakaa pale kidogo tu. "Nani Masalu?" Masalu akainua mkono nusu, akitabasamu, akiwatazama wenzake. Maduhu akamwambia bila hasira, kama anavyozungumzia ng'ombe aliyepotelea zizi la jirani, "Huyu msichana tulikuwa tumemposa. Amekuchagua wewe, mbele ya watu. Sisi hatugombanii msichana aliyechagua. Nimekuja kukwambia umchukue kwa amani, wazee wangu hawatadai neno." Fadhili alitazama sakafu. Holo alikuwa amekaa mkono wa kochi karibu na Masalu, na mkono wake ukahama polepole kutoka begani kwake. Masalu akakohoa. "Kaka, yale yalikuwa utani. Tulikuwa tunacheza. Mimi naoa hapa hapa," akamwonyesha Holo kwa kidevu. "Hata yeye anajua ulikuwa utani. Mwulize."

Maduhu akanigeukia. Alikuwa mrefu, kichwa chake karibu kiguse mbao za mlango, na mikono yake ilikuwa inaizungusha ile kofia. "Anasema ulikuwa utani," akasema. "Na wewe?" Sauti yake iliniomba. Ninaapa iliniomba. Nyuma yake niliona Sengi akinikodolea macho, akitikisa kichwa kwa nguvu: sema ndiyo, sema ndiyo, mjinga wewe. Holo naye akasema kwa sauti nyembamba, "Si tulikuwa tunacheka wote, Minza?" Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina langu tangu kisiwani. Kila mtu mle ndani alikuwa amenifungulia njia, na njia ile ilikuwa inaishia kwenye nyumba yangu mwenyewe, na mume asiyedanganya. Nilihitaji kuwa nimecheka tu.

"Mimi sikutania," nikasema. "Wao walitania. Mimi nilichagua."

 Maduhu akainamisha kichwa, kama mtu aliyejibiwa swali lake vizuri. "Wabeja," akasema. Asante. Akamuaga Sengi, akavaa kofia, akatoka, nikasikia mnyororo wa baiskeli ukilia mpaka kwenye kona ya soko. Hakurudi, wala hakuna mwingine aliyekuja kutoka upande ule, na nilikuwa na miaka thelathini na moja nilipoolewa hatimaye, mke wa pili wa mtu niliyemkubali kwa kuwa aliuliza.

 Sengi ndiye aliyesema kwanza. "Haya, pakua chakula," akaniambia. "Watu hawajala." Nikaenda jikoni, nikapakua. Walikula kimya mwanzoni, kisha redio ikafunguliwa, kisha maongezi yakarudi. Masalu aliomba aongezewe mchuzi, nikamwongezea.